Camille Jenatzy: Alivuka kilomita 100 kwa saa kwa gari la umeme, kisha akahamia petroli

Tangu tulipozungumzia pikipiki za umeme kwenye kipindi cha asubuhi, ujumbe wa simu haujakoma. Wengi mnauliza jambo lile lile: hizi pikipiki zina nguvu kweli? Zinapanda mlima zikiwa na abiria na gunia la mahindi, au ni za kuzungukia mjini tu?

Nimejibu hewani kwa kifupi, lakini muda wa redio haukai. Kwa hiyo leo nawaandikia habari za mtu aliyekutana na swali hili zaidi ya miaka 120 iliyopita, akalijibu nusu, kisha akalikimbia. Aliitwa Camille Jenatzy. Enzi zake alijulikana Ulaya nzima kwa jina la Shetani Mwekundu, kwa sababu ya ndevu zake nyekundu na namna alivyokuwa akiendesha kama mtu asiyejali roho yake.

Alizaliwa mwaka 1868 Schaerbeek, pembeni mwa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Baba yake, Constant Jenatzy, alikuwa na kiwanda cha bidhaa za mpira, na alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutengeneza matairi nchini mwao. Nyumba haikuwa ya shida. Hapa niseme kidogo, maana tuna wasikilizaji ng'ambo ya Ziwa Tanganyika: hiyo ndiyo miaka ambayo mfalme wa Ubelgiji, Leopold wa Pili, aliimiliki Kongo kama shamba lake binafsi, na mpira wa msituni ulishuka kwa meli hadi bandari ya Antwerp huku watu wa Kongo wakiulipia kwa viboko, kwa mikono iliyokatwa na kwa uhai wao. Raha ya matairi ya upepo huko Ulaya ilikuwa na bei, na waliolipa hawakupanda gari hata siku moja.

Kijana Camille alisomea uhandisi, na kilichomvutia kilikuwa umeme. Akahamia Paris.

Ili uielewe Paris ya wakati huo, sahau kwanza kwamba gari ni petroli. Hakuna aliyekuwa anajua bado. Yalikuwapo magari ya mvuke, yanayochemsha maji kama treni za zamani. Yalikuwapo ya umeme. Na yalikuwapo ya petroli, yenye kelele, moshi na mtetemo, ambayo kuyawasha ilibidi uzungushe chuma kwa mbele kwa nguvu zote, na chuma hicho kikirudi nyuma ghafla kinakuvunja mkono. Hata Marekani, mwaka 1900, magari yaliyotengenezwa yalikuwa kama 4,200 hivi, na ya petroli hayakufika 1,000. Ya mvuke na ya umeme ndiyo yaliyoongoza.

Gari la umeme lilikuwa la kistaarabu. Unakaa, unasukuma mkono wa kuendeshea, linaondoka. Halina gia za kupigana nazo, halinuki. Daktari anayetembelea wagonjwa mjini alilipenda, na wenye teksi pia. Jenatzy akafungua kampuni ya kutengeneza teksi na magari ya mizigo ya umeme kwa ajili ya jiji la Paris. Shida ni kwamba hakuwa peke yake. Fundi mmoja maarufu wa Kifaransa, Charles Jeantaud, alikuwa kwenye biashara hiyo hiyo, na teksi za Paris zisingewatosha wote wawili.

Basi Jenatzy akaamua kujitangaza. Siku hizi ungeweka tangazo redioni (na karibu, ofisi yetu ipo wazi). Wakati ule tangazo la gari lilikuwa mashindano.

Novemba 1898 alikwenda kwenye mashindano ya kupanda mlima wa Chanteloup, nje kidogo ya Paris. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita 1.8 hivi, yenye kona na mteremko mkali. Magari ya petroli yalikuwepo mengi. Aliyefika juu kwa muda mfupi kuliko wote alikuwa Jenatzy na gari lake la umeme, kwa mwendo wa wastani unaokaribia kilomita 27 kwa saa. Kwa hiyo wale mnaouliza kama umeme unapanda mlima, jibu lilitolewa siku ile. Mota ya umeme inatoa nguvu yake yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Injini ya petroli inahitaji kwanza izunguke kwa kasi ndipo nguvu ije, na ndiyo maana dereva wa bodaboda anabonyeza klachi na kuivutia moto kabla ya kupandisha.

Mwezi uliofuata gazeti moja la magari la Paris likaandaa mashindano ya kasi tupu: kilomita moja, barabara tambarare, saa mkononi. Mahali palipochaguliwa ni Achères, kaskazini magharibi mwa Paris, kwenye barabara iliyonyooka kama uzi katikati ya mashamba yaliyokuwa yakimwagiliwa maji taka ya jiji. Harufu yake sijui ilikuwaje, lakini barabara ilikuwa nzuri. Jenatzy hakuwepo siku hiyo. Aliyeng'ara ni Gaston de Chasseloup-Laubat, Mfaransa wa ukoo wa kikabaila, akiendesha gari la umeme la yule mshindani wake Jeantaud. Alikata kilomita moja kwa sekunde 57, yaani zaidi kidogo ya kilomita 63 kwa saa.

Jenatzy alivyosikia, hakulala. Akamwita Mfaransa yule uwanjani warudie, wao wawili.

Walikutana tarehe 17 Januari 1899. Jenatzy akatangulia, akafikisha kilomita 66. Hakufurahia muda mrefu, kwani Chasseloup-Laubat alifuata siku hiyo hiyo akafikisha 70, ingawa mota yake iliungua karibu na mwisho. Siku kumi baadaye Jenatzy akarudi na kufikisha 80. Mwezi Machi Mfaransa akajibu kwa 92 na ushee, baada ya kulifanya gari lake liwe na umbo la kuchongoka ili likate upepo. Miezi mitatu tu, kutoka 63 hadi 92, na yote kwa betri. Petroli ilikuwa inatazama pembeni.

Sasa Jenatzy akatengeneza gari ambalo halikuwa gari la mtu kwenda nalo popote. Lilikuwa na umbo la kombora, refu, limechongoka mbele na nyuma. Bodi yake ilikuwa ya mchanganyiko wa alumini na madini mengine ili liwe jepesi. Nyuma aliweka mota mbili, kila moja ikizungusha gurudumu lake moja kwa moja bila mnyororo wala gia. Kwa pamoja zilitoa kilowati 50, sawa na nguvu za farasi 68 hivi, ambazo ni nyingi hata kwa gari dogo la kawaida unaloliona leo likipita kuelekea sokoni. Matairi yalikuwa ya upepo, ya Michelin. Tumbo lote lilijaa betri za risasi na tindikali, ndugu kabisa za ile betri ya sola unayoiweka chini ya kitanda. Lote zima lilikuwa na uzito wa karibu tani moja na nusu.

Kuna kichekesho ndani yake. Baada ya kuhangaika na umbo lote hilo la kukata upepo, dereva mwenyewe alikaa juu, nje, kifua wazi kama mtu aliyepanda farasi, akiupokea upepo wote. Gari alilipa jina La Jamais Contente, maana yake Asiyeridhika Kamwe, kwa jinsia ya kike. Watu wametafuta sana alikuwa anamsema nani. Mimi nadhani alijisema mwenyewe.

Inasimuliwa kwamba jaribio la kwanza, mwanzoni mwa Aprili, halikuhesabiwa. Jenatzy, kwa haraka zake, aliondoka kabla wapima saa hawajawa tayari. Alipita kwa kasi kubwa, akashangilia, akaambiwa hakuna aliyepima. Arudie? Hakuweza. Betri zilikuwa zimekwisha.

Naomba hapo tupashike vizuri, tutaparudia.

Mwishoni mwa Aprili 1899 alirudi Achères na betri zilizojaa. Safari hii saa zilikuwa tayari. Asiyeridhika Kamwe likapita kilomita nzima kwa sekunde 34, ambazo ni kilomita 105.88 kwa saa. Hakuna gari lililokuwa limewahi kufika 100, la mvuke, la petroli wala la umeme. Mtu wa kwanza duniani kuvuka kilomita 100 kwa saa ndani ya gari alikuwa na miaka 30, na hakuchoma hata tone la mafuta.

Sasa turudi pale. Gari lile lilikuwa na kasi ya kushinda kila kitu barabarani, na halikuwa na uwezo wa kwenda mbali. Betri za risasi ni nzito kupindukia ukilinganisha na kinachomo ndani yake. Kilo moja ya petroli imebeba nishati mara mia kadhaa kuliko kilo moja ya betri ya aina ile. Kweli, injini ya petroli inapoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kwa joto na moshi, na mota ya umeme haipotezi mengi. Lakini hata ukitoa kilichopotea, petroli inabaki mbele kwa makumi ya mara. Tena ikiisha unanunua chupa mbili kwa muuza duka pale njia panda, unamimina, unaondoka. Betri ya Jenatzy ikiisha, unasubiri saa nyingi, na kwanza uwe umefika mahali penye umeme.

Mwaka jana niliazima pikipiki ya umeme kwenda kurekodi kipindi kijiji kimoja cha milimani. Kupanda ilipanda vizuri mno, kimya, mpaka mbuzi walichelewa kunipisha. Kurudi, zikiwa zimebaki kama kilomita saba, ikalala. Nilisukuma gizani na mashine ya kurekodia mgongoni. Sikuwa na ugomvi na nguvu yake hata kidogo. Ugomvi wangu ulikuwa na umbali.

Kwa hiyo mtu akija kukuuzia pikipiki ya umeme, swali la nguvu usimsumbue nalo sana. Mwulize inakwenda kilomita ngapi ikiwa na mzigo, kwenye barabara yetu ya vumbi na milima na si kwenye karatasi ya kiwandani. Mwulize nikiishiwa naichaji wapi na kwa saa ngapi. Mwulize betri ikichoka baada ya miaka kadhaa mpya ni shilingi ngapi. Betri za siku hizi za lithiamu zinabeba mara nne au tano ya zile za risasi kwa uzito ule ule, na huo ndio mlango uliofunguka. Jawabu la kuchelewa kuchaji nalo si geni: teksi za umeme za New York, miaka hiyo hiyo ya Jenatzy, zilikuwa zinaingia kituoni, betri iliyokwisha inachomolewa, iliyojaa inasukumwa ndani, teksi inaondoka baada ya dakika chache. Ndivyo wanavyofanya sasa baadhi ya bodaboda wa Nairobi na Kigali. Kinachobaki ni kituo cha kubadilishia kiwe karibu na wewe. Kama kipo kilomita 80 kutoka kijijini kwako, bado upo mwaka 1899.

Jenatzy naye aliiona hesabu hii mapema kuliko wengi. Rekodi yake ilikaa miaka mitatu, hadi Aprili 1902, ndipo Mfaransa Léon Serpollet alipoivunja mjini Nice kwa kilomita 120. Mtashangaa: si kwa petroli, ni kwa mvuke. Na mwezi uliofuata, Mei 1902, huko huko Ufaransa wizara ya kilimo iliunga mkono mashindano ya magari kaskazini mwa nchi ambayo mafuta yake yalikuwa pombe kali itokanayo na mazao ya shambani. Wakulima wa viazi na viazisukari walikuwa na mavuno yasiyo na soko, na serikali ikatamani magari yawe mnunuzi wao. Injini zilikubali. Kilichokataa ni bei, pamoja na ukweli kwamba lita ya pombe inakupeleka takriban theluthi mbili tu ya safari ya lita ya petroli. Brazili walikuja kulifufua wazo hilo miongo mingi baadaye kwa miwa, na huko magari yanatembea kwa pombe ya miwa mpaka leo. Hilo nitalifanyia kipindi chake.

Basi Jenatzy akaiacha betri. Mashindano yaliyokuwa na heshima sasa yalikuwa ya masafa, mamia ya kilomita kwa siku, na umeme usingefika hata robo. Mwaka 1902, kwenye mbio za Ardennes nchini kwao, alianguka vibaya kiasi kwamba waliolitazama gari lililobaki hawakuamini kuona ametoka mzima. Mwaka uliofuata alikuwa dereva wa Mercedes.

Mwaka huo wa 1903 ndio uliomfanya awe Shetani Mwekundu kwa dunia nzima. Kombe la Gordon Bennett, lililoshindaniwa na mataifa, lilipangwa kufanyika Ireland mwezi Julai. Mercedes walikuwa wameandaa magari mapya ya nguvu za farasi 90. Wiki chache kabla, moto ukateketeza kiwanda chao cha Cannstatt na magari yale yakaungua. Ikabidi waazime magari ya nguvu za farasi 60 kutoka kwa wateja waliokwisha kuyanunua. La Jenatzy lilikuwa la tajiri mmoja wa Kimarekani. Yaani alikwenda kwenye mashindano makubwa kuliko yote na gari la kuazima la kutembelea, lililovuliwa viti na vikorombwezo.

Tarehe 2 Julai, kwenye barabara za mashambani zinazozunguka mji wa Athy, magari 12 ya Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani yalianza kuachiwa moja moja. Umbali ulikuwa kilomita 527, kama kutoka Dar es Salaam hadi Iringa na zaidi kidogo, kwenye barabara za vumbi. Jenatzy alitumia saa 6 na dakika 39 za mwendo. Aliyemfuata, René de Knyff wa Ufaransa, alikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika kumi.

Weka hesabu mbili hizo pamoja. Kwa umeme alikuwa hodari wa sekunde 34. Kwa petroli alikuwa hodari wa kutwa nzima. Wastani wake wa Ireland ulikuwa kilomita 79 kwa saa, chini kabisa ya ile 105 ya Achères, na bado dunia ilichagua gari la Ireland, kwa sababu mtu anataka kufika. Simlaumu Jenatzy kwa kuhama. Lakini napata uchungu kidogo nikifikiria kwamba baada ya pale karibu kila akili na kila shilingi ya utafiti ilimfuata, na betri ya gari ikabaki karibu pale pale kwa muda mrefu mno. Mwaka 1912 gari la petroli lilipata hata kile kilichokuwa sifa ya mwenzake: Cadillac ya Marekani ilianza kuwashwa kwa mota ndogo ya umeme badala ya ile chuma ya kuvunja mikono. Umeme ukawa mtumishi wa petroli, kazi yake kuwasha na kunyamaza.

Mwaka 1904, mbele ya mfalme wa Ujerumani, Jenatzy alishika nafasi ya pili nyuma ya Léon Théry. Baada ya hapo ushindi ulipungua. Akarudi zaidi kwenye biashara ya ukoo, matairi, ambayo kwa kweli ndiyo iliyoshinda vita vyote hivi, kwa kuwa gari liwe la mvuke, la petroli au la umeme, tairi lazima linunuliwe.

Kifo chake ni cha ajabu, na kila mara ninapokisimulia studioni fundi mitambo wetu haamini. Desemba 1913, akiwa na miaka 45, aliwaalika rafiki zake kuwinda nguruwe mwitu kwenye misitu ya Ardennes. Jenatzy alikuwa mtu wa utani. Usiku akajificha kichakani akaanza kuguna kama nguruwe ili awatishe wenzake. Aliguna vizuri mno. Rafiki yake mmoja, mwenye gazeti, akachukua bunduki akafyatua.

Walimpakia kwenye gari kumkimbiza hospitali, damu ikamwishia njiani. Inasemekana alikuwa amewahi kutabiri kwamba angefia ndani ya Mercedes, na gari lililombeba usiku ule lilikuwa Mercedes.

Asiyeridhika Kamwe bado lipo, kwenye jumba la makumbusho ya magari mjini Compiègne, kaskazini mwa Paris.